Laina Nne za Peugeot 404

Injini ya Peugeot 404 haikusimama wima. Wahandisi wa Peugeot waliilaza kwa nyuzi 45 ili boneti ishuke chini, na faida yake ikamwendea fundi: ukifungua boneti hiyo, mkono unafika karibu kila mahali. Kabureta, distributa, pampu ya maji na mabomba ya rejeta viko wazi, kila kimoja na bolti zake. Gari hili lilizinduliwa Paris mwezi Mei 1960, umbo lake likiwa kazi ya Pininfarina wa Italia, na saluni yake ikaendelea kuundwa Ufaransa hadi 1975. Yalitoka zaidi ya milioni 2. Yaliyobaki katika pwani yetu sasa ni ya kuhesabika, na mafundi wanaoyajua hadi ndani wanahesabika upesi zaidi.

Nilikwenda Mombasa kumtazama mmoja wao akiifungua injini ya 404 na kuifunga upya. Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo, sakafu ya saruji iliyofagiliwa, benchi refu lenye jiriwa, na ukuta wa spana zilizopangwa kwa ukubwa. Vijana wake wanamwita Mzee, nami nikafuata desturi ya pale. Gari lililokuwa mbele yake lilikuwa saluni nyeupe ya mwalimu mstaafu, rangi imefifia, gia ziko kwenye usukani, viti vimeshonwa upya zaidi ya mara moja. Mwenyewe alieleza ugonjwa wake kwa utaratibu wa mtu aliyefundisha maisha yake yote: maji yanapungua na chini halionekani tone, asubuhi bomba la moshi linatoa mvuke mweupe, na akipanda kuelekea Mazeras mshale wa joto unapanda pamoja naye.

Kazi ilianza bila spana. Mzee alichomoa kijiti cha oili, akachukua tone kwa kidole gumba, akalisugua na kulitazama juani. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akafungua kifuniko cha rejeta, akapitisha kidole ndani ya mdomo wake, kikatoka na utando wa mafuta. Hakutoa hukumu. Alimwagiza kijana alete mpini wa kuwashia, kwa sababu 404 ni ya enzi ambayo gari la familia liliuzwa na mpini wake, betri ikifa baba wa nyumba aweze kuliwasha kwa mkono.

Aliuingiza mpini kwenye tundu la mbele na kuuzungusha polepole, mkono mmoja tu, uso ameugeuza pembeni ili macho yasimshughulishe. Silinda nzima hukataa: mpini unagota, unausukuma, hewa inabanwa, kisha unapita. Ya kwanza iligota vizuri. Iliyofuata mpini ulipita bila kizuizi, na iliyofuata tena vilevile. Ya mwisho ikagota. Alirudia mzunguko mzima, halafu mara nyingine, kwa mwendo uleule.

“Mpigo wake ni 1, 3, 4, 2,” alimwambia kijana. “Sasa niambie, zilizolegea ni zipi?”

“Ya 3 na ya 4, Mzee.”

“Nionyeshe ya 4.”

Kijana akagusa upande wa nyuma wa injini, karibu na dereva. Amejifunzia magari ya Kijapani, na huko namba 1 iko mbele.

“Hapana, mwanangu. Peugeot unaanza kuhesabu kwenye flaiwili. Hiyo uliyoshika ni ya 1. Ya 4 iko huku kwenye feni.”

Silinda mbili jirani zikilegea pamoja, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi iliyoungua katikati yake. Lakini katika injini hii maji yana njia nyingine ya kuingia kwenye oili, kwa chini, na Mzee hakutaka kumkamata mshukiwa mmoja na kumwacha mwenzake. Ndipo akachukua spana.

Kufungua kulikwenda taratibu kuliko nilivyozoea kuona kwenye magereji. Kila kitu kilichotoka kiliwekewa mahali. Juu ya kipande cha katoni Mzee alichora umbo la hedi, akatoboa matundu kwa bisibisi, na kila bolti iliyotoka ikachomekwa kwenye tundu lake. Katoni ya pili ilikuwa ya pushrodi nane. Fimbo hizi zinafanana machoni, lakini kila moja imezoeana na tapeti yake kwa miaka, na ukizichanganya unazilazimisha kuanza kusugana upya na mgeni. Bolti za hedi alizilegeza robo mzunguko kila moja, akianzia pembeni kuelekea katikati, akarudi tena kwa robo nyingine, mpaka mkazo wote ukaisha. Hedi hii ni ya aloi ya alumini, na alumini iliyoshikwa upande mmoja na kuachiwa mwingine hupinda.

Kisha likaja jambo ambalo fundi asiyeijua Peugeot hulikosea. Bolti zikiwa zimetoka zote, hedi ilikuwa bado imeganda, na mwenye haraka angeichokonoa kwa bisibisi na kuiinua. Mzee aliiegemea kwa viganja viwili na kuitikisa upande kwa upande, kidogo kidogo, hadi gasketi ikaachia. Angeiinua moja kwa moja, hedi ingeweza kupanda pamoja na laina, yaani mabomba ya silinda, zilizonata kwenye gasketi, na gasketi za chini ya laina zingevurugika kabla hajaona hali yake. Alitaka kuzikuta kama zilivyo.

Hedi ilipogeuzwa juu ya benchi, ilionekana kwa nini wenye magari haya waliisifu. Chemba za moto zimechongwa nusu duara, valvu ya kuvuta na ya kutoa zinatazamana kwa kuinama, na plagi inaingia katikati kupitia kisima kirefu. Peugeot ilianza mpangilio huo kwenye 203 ya mwaka 1948, gari lake jipya la kwanza baada ya Vita Kuu ya Pili, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,290 tu. Wakati huo chemba za namna hiyo zilikuwa zaidi za magari ya mbio na ya matajiri. Peugeot waliziweka kwenye gari la karani na mkulima. Mwaka 1955 ikaja 403 yenye 1,468, halafu 404 yenye 1,618, kipenyo cha silinda milimita 84 na mwendo wa pistoni milimita 73.

Gasketi ilikuwa imeungua kweli, alama nyeusi ikivuka kutoka silinda ya 3 kwenda ya 4. Kijana alifurahi. Mzee aliinama na tochi akaendelea kutazama chini, pembeni mwa laina.

Laina ndiyo kiini cha injini hii. Katika magari mengi silinda huchimbwa ndani ya bloku lenyewe. Morris Minor, gari lililobuniwa na Alec Issigonis na kupendwa sana Uingereza na hata huku kwetu, limejengwa hivyo: silinda zikichakaa, bloku lazima liende kwenye mashine likapanuliwe na kutafutiwa pistoni kubwa zaidi, na kupanua kuna mwisho wake. Volkswagen yenye injini nyuma ilikuwa na silinda zinazochomoka moja moja, ila ilipozwa kwa hewa. Peugeot waliunganisha silinda zinazochomoka na upozaji wa maji. Bloku lao ni sanduku la chuma cha kusubu lenye maji ndani, na silinda nne ni mabomba yaliyosimamishwa katika maji hayo, yakikalia kingo ndogo chini na kubanwa na hedi juu. Yakichakaa unayavuta na kuingiza mengine yenye pistoni zilizochaguliwa kuwa jozi yake, na bloku lilelile linaendelea. Huhitaji mashine kubwa. Unahitaji mtu wa kusafisha, kupima na kusubiri.

Naona hapo kuna heshima kubwa kwa fundi. Mhandisi aliyekaa Ufaransa hakujua gari lake litaishia kwenye uwanja gani, wala nani atalifungua, lakini alimwachia mtu huyo kazi anayoweza kuimaliza kwa mikono.

Mzee alizivuta laina zote nne kwa kivutio alichokitengeneza mwenyewe, sahani ya chuma inayoingia chini ya laina na skrubu ndefu inayopita katikati. Zilitoka na tope. Gari lilikuwa limenyweshwa maji ya kisima kwa miaka, na maji ya kisima cha Mombasa yana chumvi. Chini ya bloku palikuwa na mashapo meupe yaliyochanganyika na kutu, yamejaa hadi karibu nusu ya silinda ya 4. Hapo ndipo joto la Mazeras lilipotoka. Kingo za kukalia laina zilikuwa na vidonda vya kutu, na mojawapo ilikuwa ikivuja. Washukiwa walikuwa wawili, na wote walikuwa na hatia.

Kusafisha kulichukua muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, na sijaona mtu akisafisha namna ile. Tope alilichota kwa kijiko, akalilegeza kwa brashi ya waya, akalisukuma kwa maji ya bomba hadi yakatoka safi. Kingo nne hakuziruhusu ziguswe na chuma. Alichonga kijiti cha mti mgumu, ncha yake bapa, akakikwangulia ukingo kwa mwendo mfupi wa kuzunguka, akipangusa kwa tambara na kutazama, akikwangua tena. Palipobaki kidonda alitumia msasa laini kabisa, uliofungwa kwenye kijiti kilekile. Kijana alipouliza kama haijatosha, Mzee alimpa tochi na kumwachia nafasi. Kijana alitazama, akarudisha tochi, akachukua kijiti mwenyewe.

Krankishafti ilipelekwa kwa fundi wa kerezo kusagwa, nayo hedi ikaenda kusawazishwa uso, kwa sababu Mzee aliiwekea rula ya chuma akaona mwanga unapita katikati. Kungoja kazi za watu wengine ni sehemu ya ufundi huu, na katika kungoja kulikuwa na mazungumzo. Mwalimu alikumbuka mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ukaenda Tanzania, kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, tena kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walirudi wakashinda, na mara hiyo pia waliomaliza walikuwa 7. Baadaye 504, mrithi wa 404, iliunganishwa hapohapo Mombasa kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na kwa miaka mingi abiria wa masafa marefu Kenya walisafiri kwa Peugeot za viti vya safu tatu. Mzee aliyasikiliza yote hayo huku akisaga valvu.

Kusaga valvu hakuna mashine. Anapaka ukingo wa valvu pesti ya kusagia, anaichomeka mahali pake, anaishika kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, na kukisokota kati ya viganja, mbele na nyuma. Kila baada ya misokoto michache anaiinua, anaigeuza kidogo, anaishusha tena, ili isijichimbie mfereji mahali pamoja. Sauti ndiyo kipimo. Mwanzoni inakwaruza, halafu inalainika, na ikishalainika anafuta kila kitu na kutazama: kwenye valvu na kwenye kiti chake lazima pawe na mviringo mmoja wa kijivu, usiokatika, wenye upana uleule kote. Valvu ya kutoa moshi ya silinda ya 3 ilionyesha mviringo uliokatika padogo sana. Sikuuona mpaka aliponionyesha kwa ncha ya kucha. Alipaka pesti upya.

Siku ya kusimamisha laina mpya sakafu ilifagiliwa kwanza na kunyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Chini ya kila laina kunakaa gasketi nyembamba, na gasketi hizo huwa za unene tofauti. Sababu yake ni hii: laina ikiisha kukaa, mdomo wake lazima uchomoze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo mno, sehemu chache tu za mia ya milimita. Ikichomoza kupita kiasi, hedi haitakaa sawa. Ikizama, gasketi ya hedi haitabanwa, na moto utapata njia.

Mzee aliishusha laina ya kwanza kwa mikono miwili, akaibonyeza, akaweka rula ya chuma juu yake na kupitisha bapa la filagegi kati ya rula na bloku. Alipima mahali pane kuzunguka mdomo. Akafuata ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akapima laina kwa jirani yake, maana zikitofautiana, iliyo fupi ndiyo itakayoungua. Ya 3 ilikuwa chini kidogo ya wenzake. Aliitoa, akafuta ukingo, akairudisha na kupima. Bado. Akaitoa tena, akabadilisha gasketi kwa nene zaidi, akapima: sasa ilizidi. Akazibadilisha nafasi laina mbili, pamoja na pistoni zake, akaanza upya kutoka ya kwanza. Hakukuwa na dalili ya kuudhika. Bapa lilipopita kwa ugumu uleule kwenye zote nne, alimwita kijana apitishe kwa mkono wake, ajue ugumu huo unavyohisiwa.

Halafu akazifunga kwa vipande vya chuma bapa, kila kimoja kikishikwa na bolti na kukanyaga midomo ya laina mbili. Bila hivyo, krankishafti ikizungushwa kabla hedi haijarudi, pistoni zitazinyanyua laina na kazi yote ya kupima itapotea.

Pistoni ziliingia baada ya hapo, ringi zikiwa zimetawanywa ili mianya yake isipangane, kila kitu kimepakwa oili safi. Beringi zilikazwa kwa spana ya toki, na baada ya kila kofia moja Mzee alizungusha krankishafti kwa mkono kuhakikisha haijakamata. Gasketi mpya, hedi, bolti kutoka kwenye katoni, safari hii kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Kuseti tapeti kwenye Peugeot kuna mpangilio wake, na Mzee alimtaka kijana aukariri kwa sauti. Valvu ya kutoa ya silinda ya 1 ikiwa wazi kabisa, unaseti ya kuvuta ya 3 na ya kutoa ya 4. Ya kutoa ya 3 ikiwa wazi, unaseti ya kuvuta ya 4 na ya kutoa ya 2. Ya kutoa ya 4, ya kuvuta ya 2 na ya kutoa ya 1. Ya kutoa ya 2, ya kuvuta ya 1 na ya kutoa ya 3. Injini ikiwa baridi, ya kuvuta inapewa milimita 0.10 na ya kutoa 0.25. Kijana alizungusha mpini, Mzee akashika filagegi, kisha wakabadilishana, na Mzee akakagua zote nane bila kurekebisha hata moja. Alitikisa kichwa kukubali na kumpa kijana tambara la kufutia mikono.

Taimingi aliiseti kwa balbu ndogo yenye waya mbili, moja kwenye distributa, nyingine kwenye bodi. Pointi zikifunga, balbu imezimika. Zikianza kuachana tu, inawaka. Aliigeuza distributa kwa upana wa unywele, balbu ikawaka, akairudisha ikazimika, akaikaribia tena polepole zaidi, na ilipowaka mara ya mwisho alikaza bolti palepale.

Injini iliwaka kwa mpini. Betri ilikuwepo, nzima, lakini Mzee alitaka kuzihisi silinda zote nne mkononi kabla ya kuzisikia. Ziligota moja baada ya nyingine, zikilingana, na kwa mvuto mmoja zaidi ikashika. Aliiacha ipate joto, akazunguka gari na tochi akitafuta tone, akashika bomba la juu la rejeta, kisha la chini. Mwalimu alikuwa amesimama na kofia mkononi. Mzee alimwambia asipande Mazeras kwanza, atembee mjini taratibu, arudi bolti za hedi zikazwe tena, na kuanzia sasa maji ya kisima hapana.

Kama nyumbani kwenu kuna 403, 404 au 504 iliyosimama uani, usiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla fundi wa aina hii hajaizungusha kwa mpini. Bloku lake huenda ni zima, na laina zinabadilishwa. Na kama una kijana anayependa magari, mpeleke akakae karibu na mtu kama huyu sasa, wakati bado kuna wa kumfundisha.